Nje ya Michongoma

Barua ya askofu ilikuwa na aya tatu tu, na karani aliisoma mara nne akitafuta aya ya nne. Haikuwepo. Aya ya kwanza ilishukuru. Ya pili ilisema kiwanja kinarudi kwa mwenyewe, kanisa litafungwa mwisho wa mwezi, na waamini ishirini na tisa waliobaki wahamie parokia kubwa ya mjini. Ya tatu ilikuwa ya maagizo: vitabu vya parokia vikabidhiwe Alhamisi kwa padri atakayetumwa, pamoja na historia fupi ya jumuiya isiyozidi kurasa mbili, na Jumamosi makaburi yahamishwe, kwa kufuata majina yaliyomo katika kitabu cha mazishi.

"Kurasa mbili!" karani alisema. "Miaka arobaini na minane, kurasa mbili. Hata barua ya posa huzidi hapo."

Mkewe alikuwa akinyoosha kitambaa cha altare juu ya meza ya chakula. Habari ya kurasa hakuijali. Aliinua pasi, akauliza, "Hapo kwenye makaburi wamesemaje? Rudia."

"Kwa kufuata majina yaliyomo katika kitabu cha mazishi."

"Na wasiomo?"

Karani aliikunja barua taratibu, kona kwa kona. Alijua anaulizwa nini. "Wasiomo hawamo," alisema.

Pasi ilirudi juu ya kitambaa, ikakaa pale pale. Karani ndiye aliyesikia harufu kwanza. Mwanamke aliyefua na kunyoosha nguo za altare miaka thelathini na kitu bila kuunguza hata uzi, aliinua pasi akakuta alama ya kahawia pembeni mwa msalaba alioudarizi kwa mkono wake mwenyewe. Hakushtuka. Alichomoa waya ukutani, akaenda jikoni, na siku ile hawakuzungumza tena.

Ukimwona karani usingemdhania mtu mgumu. Alikuwa mfupi, mpole, mwepesi wa utani, na alikuwa amestaafu kazi ya kupima kwa mizani katika ghala la nafaka, ambako kwa miaka thelathini hakuna aliyemwongopea hata kilo moja, wala yeye hakumwongopea mtu. Hapo ndipo ugumu wake ulipokaa. Kitu ambacho hakukiona kwa macho yake kwenye mshale wa mizani, kwake hakikuwepo. Ukarani wa parokia alipewa na Padri Mzee kwa sababu ya mwandiko wake, akiwa na miaka ishirini na sita, na tangu hapo vitabu vitatu, cha ubatizo, cha ndoa na cha mazishi, vililala ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake. Kuna wanaume wanaojivunia nyumba au mifugo. Yeye alijivunia kwamba hakuwahi kufuta neno.

*

Jumanne jioni binti yao muuguzi alipita akitoka zamu, sare bado mwilini, viatu ameshavivua mlangoni. Karani alimkalisha kabla hata hajanywa maji.

"Sikiliza, uniambie kama inafaa kwenda kwa Baba Askofu," alisema, akavaa miwani. Alisoma kwa sauti ya kanisani.

Historia ilianza na familia kumi na moja zilizotaka kuendelea kusali kwa Kilatini, kama wazazi wao walivyofundishwa, wakati parokia nyingine zote zilikuwa zimebadilika. Ikaeleza jinsi Padri Mzee alivyokubali kwenda nao, na jinsi walivyoazimwa ghala lililokuwa la kukaushia ngozi. "Kwa miaka miwili," karani alisoma, "ubani haukufua dafu mbele ya harufu ya ngozi." Majirani waliwaita Walatini, wakawauliza kama Mungu wao haelewi lugha ya nyumbani. Wakavumilia. Wakachonga mabenchi wenyewe. Wakapanda ua wa michongoma kuzunguka kanisa na makaburi. Mbuzi wa jirani aliingia katikati ya mageuzo, mkate na divai vikibarikiwa, akala maua ya altare, na Padri Mzee hakugeuka, kwa kuwa sheria haikumruhusu kugeuka. Watoto mia mbili na kumi na wawili walibatizwa. Ndoa themanini na nne zilifungwa. Marehemu sitini na watatu walizikwa na Padri Mzee, naye akawa wa sitini na nne.

Binti alicheka hadi machozi. "Baba, hata mbuzi umemwandika!"

"Aliingia kweli. Kanisa zima lilimwona."

"Sawa." Binti alijifuta macho, na kicheko kikamwisha. "Na dada yangu?"

Karani alivua miwani. "Dada yako hayumo vitabuni. Historia hii nimeitoa vitabuni."

"Mbuzi yumo kitabu gani, Baba?"

Mama alikuwa ameshasimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ina povu la sabuni, na ilionekana amesimama hapo tangu zamani.

"Jumamosi wanahamisha watu sitini na wanne," alisema. "Jumatatu linakuja katapila. Wanajenga bohari. Mwanangu atakuwa chini ya bohari, malori yanapita juu yake. Mwandike, mzee. Sijakuomba kitu kingine tangu unioe, nakuomba hicho."

"Mama, nitaandikaje? Siku ile mimi sikuwepo."

"Mimi nilikuwepo."

Kweli hakuwepo. Mimba ilikuwa ya miezi saba, uchungu ukaja bila kutarajiwa, na karani alipanda baiskeli kwenda kumfuata Padri Mzee, safari ya saa mbili kwenda na kurudi. Aliporudi naye, mtoto alikuwa ameshafunikwa. Kwa desturi ya Walatini, aliyekufa bila ubatizo hakuzikwa katika ardhi iliyobarikiwa. Walimzika nje ya michongoma, na karani alichimba mwenyewe.

"Mkunga alimmwagia maji," mama alisema, na alikuwa akimwambia binti, si mumewe. "Nilikuwa nimelala pale, nguvu zimeniishia. Nikamwambia chukua maji, sema kama ninavyosema. Akasema nyuma yangu, neno kwa neno. Maji yakamtiririka kwenye paji la uso. Akafumbua macho, akaniangalia. Nimeona kwa macho haya."

"Mkunga hakuwa hata Mkristo," karani alisema kwa sauti ya chini.

"Na katekisimu yako inasemaje? Si inasema mtu yeyote anaweza kubatiza?"

"Mtu yeyote, sawa, mwenye nia ya Kanisa. Hilo silipingi. Lakini kuingiza kitabuni ni jambo jingine, kunataka mashahidi wawili. Mkunga ndiye aliyebatiza, hawezi kujishuhudia. Anabaki mmoja, wewe. Padri aliniuliza siku ile, pale pale uani, 'Mashahidi wapo?' Nikamwambia hawatimii. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine ningemwandika? Nisingemwandika. Sasa wangu nimwandike kwa kuwa ni wangu?"

Usidhani hakuwa na uchungu. Siku ile, baada ya kumjibu Padri Mzee, alikwenda nyuma ya kanisa akalia mpaka akatapika. Lakini kadiri miaka ilivyopita, uchungu ule uliota kitu kingine ndani yake, kitu kilichofanana na fahari. Alikuwa ameshika sheria pale ilipouma kuliko pote. Ni wangapi wangeweza? Mara moja moja, akiwafundisha vijana wa kipaimara, aliwapa mfano wa mtu fulani aliyekataa kumpendelea hata mwanawe. Hakuwaambia ni nani, ila wote walijua, na mkewe aliyekaa benchi la nyuma alijua kuliko wote.

"Neno langu halikutosha," mama alisema. "Miaka arobaini na moja naishi na mtu ambaye neno langu halimtoshi."

Alirudi jikoni. Binti alivaa viatu vyake bila kufunga kamba, akamfuata mama, na karani akabaki na kurasa zake mbili mkononi.

*

Jumatano asubuhi mama alikwenda makaburini peke yake. Vijana wa kampuni ya kuhamisha makaburi walikuwa wameshaanza kupiga namba kwa rangi ya bluu juu ya misalaba. Mnyapara wao alikuwa mtu mwenye adabu, kalamu sikioni, karatasi zimebanwa juu ya ubao.

"Shikamoo, mama. Una ndugu yako hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Ninaye. Ila yuko kule nje."

Mnyapara alitazama alikoonyeshwa, ng'ambo ya michongoma, kwenye majani makavu na mawe matatu yaliyopangwa. Akapitia karatasi zake kwa kidole, moja mpaka sitini na nne.

"Huyo simwoni hapa, mama."

"Ni mtoto. Mpigie namba tu. Kazi yake ndogo, hata jembe moja halitatumika."

"Mama yangu, ningependa, lakini sina ruhusa ya kugusa ardhi ambayo haimo kwenye orodha. Wakinikuta nimechimba pasipoandikwa ni kesi hiyo." Alimwonea huruma, na akitaka kumsaidia akasema, "Muone aliyetoa orodha. Nasikia karani wenu ni mtu mkweli sana, hapindishi. Mweleze, atakusikiliza."

Vijana wawili wenye makopo ya rangi walikuwa wameacha kazi wakisikiliza. Mama aliinamisha kichwa, akamshukuru, akasema atamweleza. Hakuweza kumwambia kwamba karani huyo alimwacha nyumbani akinywa chai. Alipita mahali pa kutokea uani, akahesabu hatua kumi na mbili kama alivyozihesabu kila Jumapili baada ya Misa, akakaa chini kando ya mawe yake mpaka jua likawa kali.

*

Padri aliyetumwa kuchukua vitabu alikuwa kijana mwenye haraka, mtu wa nyaraka, na alifika Alhamisi saa nne na gari la jimbo. "Nimepotea mara mbili," alisema akicheka. "Naulizia kanisa, watu hawalijui. Nikauliza ile ghala, nikaletwa moja kwa moja."

Karani alitabasamu kidogo. Alikuwa amevaa koti lake la Pasaka. Alivitoa vitabu sandukuni kimoja kimoja, akavipanga mezani juu ya kitambaa safi, na padri alipofungua cha kwanza haraka yake yote ikamtoka.

"Mzee, huu mwandiko ni wako? Karibu kitabu chote?" Aligeuza kurasa kwa ncha ya kidole. "Nimepitia parokia tisa mwaka huu. Kwingine panya wamekula nusu, kwingine wameandika kwa penseli. Sijaona kitu kama hiki."

Ilikuwa saa ambayo karani aliingoja maisha yake yote, na aliinamisha uso ili furaha isionekane sana. Mama alileta chai. Aliiweka mbele ya padri, lakini hakuondoka kama ilivyokuwa kawaida yake wageni wa kanisa wakiwapo.

"Padri, nina swali."

"Uliza, mama."

"Mtoto amezaliwa, anakufa. Mkunga akambatiza. Hapakuwa na mtu mwingine pale isipokuwa mama mzazi. Huyo anaandikwa kitabuni, au haandikwi?"

Padri alikuwa akipuliza chai. "Anaandikwa. Kwa nini asiandikwe?"

Karani aliweka mkono mezani, kwa upole wa mtu anayemsaidia mdogo wake. "Labda kwa sheria ya sasa, Padri. Sisi hapa tulishika ya zamani."

"Ya zamani, ya sasa, kwa hilo hazina tofauti, mzee wangu. Shahidi mmoja mwaminifu anatosha kuthibitisha ubatizo. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za hiyo Misa yenu."

"Mashahidi wawili," karani alisema.

"Wawili ni wa ndoa." Padri alicheka bila ubaya wowote, akakigusa kitabu cha ndoa kilichokuwa pembeni. "Hapo ndipo wanapohitajika wawili, na padri. Umechanganya na ndoa, mzee. Hata mimi seminarini nilikuwa nachanganya."

Karani alivitazama vile vitabu viwili vilivyolala ubavu kwa ubavu. Mwaka wake wa kwanza wa ukarani Padri Mzee alimfundisha kazi kwa kitabu cha ndoa, kwa kuwa kulikuwa na harusi tatu mfululizo. Mashahidi wawili, alimwambia, usiandike chochote bila mashahidi wawili. Yeye akalichukua neno lile akalibeba kwenye vitabu vyote vitatu. Mtoto alikuja mwezi uliofuata. Na uani siku ile, Padri Mzee aliyechoka kwa safari alisikia kijana wake mwaminifu akisema mashahidi hawatimii, akadhani hakuna aliyeona kitu. Hakuuliza zaidi. Kila mmoja alimwamini mwenzake, na aliyekuwa kitandani hakuulizwa.

Karani alikifunga kitabu cha ndoa. Padri alimwangalia, kisha akamwangalia mama.

"Huyu mtoto ni wa nani?"

"Wangu," mama alisema. "Wetu."

Padri aliweka kikombe chini. Kwa muda alionekana mdogo sana kwa kazi aliyotumwa. Halafu akafanya jambo la busara, hakutoa pole wala mahubiri. Alikifungua kitabu cha ubatizo kwenye ukurasa wa mwisho wenye maandishi, akakisogeza mbele ya karani.

"Mwandike hapa. Tarehe ya kweli ya siku ile. Pembeni uandike ushahidi umetolewa na mama. Mimi nitaweka sahihi, na leo leo nitampigia simu mnyapara amwongeze kwenye orodha."

Karani alifungua kalamu. Aliandika namba, mia mbili na kumi na tatu. Tarehe hakuhitaji kuuliza. Kisha akafika penye nafasi ya jina, na kalamu ikasimama hewani.

Alikaa hivyo mpaka wino ukatengeneza tone kwenye ncha. Padri alidhani mkono unamuuma. Mama alijua, na hakumsaidia. Alimwacha akae na jambo hilo kwa kadiri lilivyostahili.

"Aliitwa nani?" karani aliuliza mwishoni.

"Mkunga aliniuliza jina, nikampa."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza. Ulisema si wa kuandikwa, nikaona basi, la nini jina?"

Kisha akamtajia. Lilikuwa jina la mama yake karani. Mama yake alikuwa amefariki majuma matano kabla ya siku ile, na karani, kijana wa miaka ishirini na sita, alikuwa hali wala hazungumzi. Mkewe, akiwa pale kitandani na mtoto anayepumua kwa shida, aliwaza kwamba mume wake akirudi na baiskeli, habari ya kwanza atakayompa iwe hiyo.

Karani aliliandika. Herufi zilikuwa za mtu mwingine kabisa, zimepinda, zimepanda juu ya mstari. Alipomaliza alisukuma kitabu mbele, akajifunika uso kwa mikono yote miwili, akalia mbele ya mgeni. Mama alikuwa upande wa pili wa meza. Alitaka kumshika bega. Mkono wake haukukubali.

Padri aliweka sahihi. Baadaye, vitabu vikiwa vimeshaingia garini, aliulizia historia fupi. Karani alikuwa nayo mfukoni mwa koti.

"Ina makosa," alisema. "Nitaileta mwenyewe."

*

Jumamosi walihamisha sitini na wanne kabla ya adhuhuri. Mabaki ya kila mmoja yaliwekwa kwenye sanduku la mbao lenye namba, padri kijana akayanyunyizia maji ya baraka, na Walatini waliosimama na rozari zao wakaitikia kwa Kilatini, mara ya mwisho mahali pale. Kisha mnyapara akafunua karatasi, akasema sitini na tano, na wote wakatoka nje ya michongoma.

Mama alihesabu hatua zake kumi na mbili. Binti alimshika mkono. Vijana walitoa mawe matatu, wakachimba taratibu, kwanza kwa jembe, halafu kwa mwiko wa fundi, halafu kwa vidole. Walipofika kina cha kiuno walisimama, wakatazamana. Mmoja akapanda juu akamnong'oneza mnyapara.

Mnyapara alivua kofia. "Mama, hakuna kitu. Ardhi ya hapa inakula haraka, na mtoto mchanga mifupa yake ni laini. Ni udongo tu."

"Huo udongo ndio yeye," mama alisema.

"Naelewa, mama. Lakini fomu inauliza mabaki yapo au hayapo." Aliigeuza ili waone, kama vile kosa lilikuwa la karatasi. "Nikiandika hayapo, sanduku haliruhusiwi kupanda gari wala kupewa kaburi kule. Ndio utaratibu. Samahani sana."

Mama hakubishana. Alikuwa ameshazoea kuambiwa utaratibu. Karani, aliyekuwa amesimama nyuma ya wote tangu asubuhi, alisogea mpaka ukingoni, akatazama ndani ya shimo alilolichimba kwa mikono yake.

"Andika yapo," alisema.

"Mzee, nitaandikaje kitu sijakiona? Wewe mwenyewe umekiona?"

"Sijaona."

"Sasa?"

"Mama yake alimwona," karani alisema. "Andika yapo."

Mnyapara alimtazama padri, padri akatazama pembeni. Kalamu ikatoka sikioni. Aliandika haraka, akafunga ubao, akawaashiria vijana walete sanduku dogo.

Mama alipiga magoti na kuanza kuchota udongo kwa viganja, ule wa chini kabisa ambao vijana walikuwa wameupandisha ukingoni. Aliuweka ndani ya sanduku bila kumwaga. Karani alipiga magoti kando yake, magoti yakilia, akapeleka mikono yake miwili kwenye udongo ule ule.

Mama aliishika mikono hiyo, akaiondoa. Hakuiondoa kwa hasira.

"Hapana," alisema. "Wewe shika kifuniko."

Akashika kifuniko.